Mwongozaji wa michezo ya jukwaani anayejitegemea anaishije? Wenye uzoefu njooni

Pazia_Nusu:

Wakuu habari za humu. Naombeni mawazo maana mwenzenu kichwa kimejaa. Mimi ni mwongozaji msaidizi kwenye kundi kubwa la maigizo ya jukwaani, yale yenye ukumbi wao, ofisi, mhasibu, kila kitu. Mshahara si wa kutisha ila mwisho wa mwezi unaingia. Kazi yangu ni kushika daftari, kuandika nani anaingia kulia nani anatokea kushoto, kuwafanyisha mazoezi waigizaji wa akiba, na kumsikiliza bosi akibadilisha mawazo usiku wakati watu wote wameshachoka. Nimejifunza mengi sikatai. Ila sasa nina michezo yangu mwenyewe kichwani na humu ndani foleni ya kupewa jukwaa ni ndefu na haisogei, walio mbele yangu wana miaka wanasubiri na wameshaanza kuwa wachungu.

Nawaza kutoka niwe mwongozaji wa kujitegemea. Sasa nauliza kwa wanaoijua hii kazi, siyo kwa wale wa "fuata ndoto yako", hao nimeshawasikia. Hivi hawa watu wanakula wapi? Na mbona wengi nawaona wanafanya mchezo mmoja mzuri sana, watu wanausifia, halafu mwongozaji anapotea humuoni tena? Na kingine, waigizaji. Nimeona makundi madogo yanavunjika pale tu yanapoanza kuwa mazuri, shida huwa ni nini?

Nawasilisha.

Simama_Hapo:

Mtoa mada karibu kwenye chama cha wenye madeni hahaha.

Nianze na kitu ambacho mtu akiwa ndani ya kundi kubwa hakioni kwa sababu kuna wengine wanamfanyia. Kuongoza kwenyewe ni kipande kidogo cha kazi. Mazoezi ya mchezo wa kawaida ni wiki nne mpaka sita, hapo ndo unakuwa mwongozaji kweli kweli, unaamka na furaha. Miezi iliyobaki we ni prodyuza, dereva, mhasibu, mbeba viti, mtu wa kupiga simu ukumbini kuuliza ile tarehe bado ipo au wameshampa mtu wa harusi, na mwandishi wa maombi ya ruzuku ambayo yanajibiwa baada ya miezi au hayajibiwi kabisa. Kama hiyo sehemu ya pili inakutia kichefuchefu basi tafuta mwenzako anayeipenda kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, na huyo mwenzako mheshimu kuliko unavyomheshimu mwigizaji wako mkuu.

Kula. Karibu kila mwongozaji wa kujitegemea ninayemjua anakula kwenye kitu kingine kilicho jirani na jukwaa. Kufundisha uigizaji, maigizo ya shule, kurekodi sauti za matangazo, kuwafundisha wafanyakazi wa makampuni namna ya kusimama mbele za watu na kuongea (hii inalipa kuliko zote na inachosha roho kuliko zote). Wengine wana kazi isiyohusiana kabisa, na kusema ukweli hao ndo naona wanadumu, manake halazimiki kupokea mchezo wa hovyo kisa kodi ya nyumba.

Ukumbi sasa. Kuna kukodi na kuna kugawana mlango. Ukikodi unalipa hela kamili watu waje wasije, na kinachoingia chote chako. Ukigawana, ukumbi unachukua asilimia yake na we yako, inaonekana ndiyo salama, ila humo ndani mara nyingi kuna mstari unasema ukumbi lazima upate kiasi fulani kwanza hata mkiuza tiketi mbili. Huo mstari usome ukiwa umekaa. Na hesabu zako piga kwa nusu ukumbi siku zote. Tuseme viti 80, usiku 6, kwenye makaratasi hizo ni tiketi 480 na mtu anaanza kuota. We weka 240. Toa za waandishi wa habari, toa za ndugu wa waigizaji, toa za watu wa ukumbi, zibaki 200. Kama bajeti haisimami kwa 200 basi mchezo ni mkubwa mno kwako kwa sasa, punguza watu jukwaani au punguza mandhari, usiongeze watazamaji wa kufikirika.

Kuhusu wanaopotea baada ya mchezo mmoja mzuri, wengi walitumia kila kitu walichonacho kwenye ule mmoja. Akiba, mikopo ya marafiki, fadhila za watu wa taa, uvumilivu wa mwenzi wake nyumbani. Mchezo ukaisha, makofi yakaisha, na hamna kinachofuata kwenye kalenda. Tarehe ya mchezo wa pili uwe nayo kabla wa kwanza haujaanza kuonyeshwa, hata kama ni kitu kidogo cha watu wawili, manake wale watazamaji wanaotoka wamefurahi ndio wa kuwaambia njooni tena tarehe fulani. Ukiwaacha waende bila tarehe umewapoteza.

Msomaji_Mkongwe:

Aliyosema mkuu hapo juu yana zaidi ya miaka 130, hakuna jipya. Yule anayetajwa sana kama wa kwanza wa aina hii ni Mfaransa mmoja anaitwa André Antoine. Alikuwa karani wa kampuni ya gesi Paris, jioni anaigiza na kundi la ridhaa. Mwaka 1887 akataka wafanye michezo mipya ya waandishi wapya, wenzake wakaogopa jina la kundi kutumika, akaamua kuibeba mwenyewe. Akaiita Théâtre Libre, jukwaa huru. Usiku wa kwanza ulikuwa Machi 30, 1887, na samani za jukwaani zilikuwa za mama yake mzazi, kazisukuma mwenyewe kwa mkokoteni mpaka ukumbini.

Sasa watu wanapenda hadithi ya mkokoteni, mi napenda zaidi ujanja wake wa hela. Hakutegemea tiketi za mlangoni, aliuza uanachama wa msimu mzima. Faida mbili kwa mpigo. Hela inaingia kabla ya mchezo, na kisheria ikawa ni shughuli ya wanachama siyo ya umma, kwa hiyo wakaguzi wa serikali waliokuwa wanapitia kila mchezo kabla haujaonyeshwa wakakosa pa kumshikia. Ndo maana mwaka 1890 aliweza kuweka jukwaani Ghosts, mchezo wa Ibsen yule Mnorwe, wakati wakaguzi wa Uingereza walikuwa hawataki hata kuisikia. Wajerumani wakaiga Berlin mwaka 1889, Freie Bühne, na London wakaiga 1891, wote kwa mtindo uleule wa wanachama.

Ila angalia kilichomtoa. Kwa kuwa wanachama walewale ndio wanaokuja, kila mchezo aliuonyesha siku chache mno halafu anatakiwa atoe mwingine. Kila mara mandhari mapya, maleba (mavazi ya jukwaani) mapya, mazoezi mapya, na hamna mchezo unaokaa muda wa kurudisha gharama zake. Mwaka 1894 akaondoka na madeni. Baadaye alirudi akafungua jumba jingine mwaka 1897, na kuanzia 1906 mpaka 1914 akaongoza Odéon, jumba la serikali kabisa! Kwa hiyo mtoa mada usiogope mtu akikwambia ukitoka hutarudi ndani, mwanzilishi wenu mwenyewe alirudi.

Na ule mfumo wa wanachama bado unafanya kazi kwa makundi madogo, watu 100 waaminifu wanaolipa kabla ni bora kuliko mabango ya mji mzima.

Mwigizaji_Mchovu:

Naona mnapongezana tu humu. Ngoja mimi wa upande wa pili niseme.

Mnauliza waigizaji wanakimbia kwa nini. Tunakimbia kwa sababu ya "tutagawana mapato". Mwongozaji anakuja anakwambia hela sina ila mapato tutagawana sawa kwa sawa, unafanya mazoezi mwezi na nusu kwa nauli yako, unaacha kazi nyingine, onyesho la mwisho likiisha anatoa karatasi imeandikwa ukumbi, taa, mabango, usafiri, maleba, chini kabisa kuna sifuri. Gawaneni sifuri. Na jina lake kwenye bango ni kubwa kuliko la mwandishi. Halafu mwaka unaofuata mchezo umempa jina, ameitwa kuongoza sehemu yenye hela, na huko anachukua waigizaji wengine wenye majina. Wangapi humu hawajakutana na hii?

Waongozaji mnapenda sana kumtaja Joan Littlewood, mwongozaji wa Uingereza. Haya na mimi namtaja. Kundi lake, Theatre Workshop, wameanza 1945, wamezunguka miaka na mizigo kwenye lori, mwaka 1953 wakaingia Theatre Royal kule Stratford mashariki mwa London, jengo limechoka, wakalisafisha na kulipaka rangi wenyewe na wengine wakawa wanalala humohumo kwenye vyumba vya kuvalia. Waongozaji wanaisimulia hii kama harusi. Sasa malizieni. Michezo ilipoanza kupendwa, kama ule wa mwaka 1958 wa Shelagh Delaney ambaye alikuwa binti wa miaka 19 tu, ikahamishiwa West End, kwenye majumba ya biashara katikati ya London, na waigizaji wakahama nayo, Joan akabaki kila mara anaanza upya kunoa kundi jingine, na aliumia sana na hilo. Mi simlaumu yeye, ruzuku aliyopewa ilikuwa kiduchu. Ila na waigizaji msiwaite wasaliti. Mtu amelala chumba cha kuvalia miaka halafu kuna sehemu wanamlipa kila wiki kwa kazi ileile, we ungebaki?

Mtoa mada ukitaka watu wasikukimbie andika kwenye karatasi kabla ya siku ya kwanza ya mazoezi: hela ikiingia nani anaanza kulipwa. Mimi nimewahi kukubali kufanya kazi kwa hela kidogo sana na nikabaki na furaha, kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwamba nauli za mazoezi zinatoka kila wiki na kwamba mwongozaji anachukua chake mwisho kabisa. Hiyo tu.

Simama_Hapo:

@Mwigizaji_Mchovu hapo kwenye karatasi nakupa mkono wote. Ila siyo kila sifuri ni wizi kaka. Kuna michezo inakula hela yote na mwongozaji ndo anabaki na deni la ukumbi peke yake, mwigizaji anaenda zake nyumbani hadaiwi. Kama ni kugawana basi na hasara tugawane? Naona hapo huwa kimya kinatanda.

Mwigizaji_Mchovu:

Hasara tugawane siku ambayo na maamuzi tutagawana. Nikikwambia yale mandhari ya ngazi mbili ni ghali utanisikiliza? Unaniambia "niachie mimi, ni maono". Basi maono yako, deni lako.

MzeeWaTaa:

Vijana punguzeni moto. Mimi nimekaa kwenye chumba cha taa muda mrefu kuliko wengi mnavyoishi, nimewaona waongozaji wanakuja na kuondoka, na naweza kumjua atakayedumu kwa kuangalia tu siku ya kuingiza vitu ukumbini.

Anayejitegemea hana jukwaa wiki nzima. Anapewa siku moja. Asubuhi mizigo inaingia, taa zinafungwa na kuelekezwa, hapo masaa sita mpaka nane yameshakwenda kama hakuna kilichoungua, halafu ndo tunapita mchezo kutoka badiliko moja la taa mpaka jingine, halafu mazoezi ya mwisho na maleba, halafu watu wanaingia. Anakuja kijana na mabadiliko ya taa 90 na projekta mbili na mvua. Mwanangu, mvua! Kwenye ukumbi ambao kesho yake kuna mkutano na kila kitu kinatakiwa kiwe kimetoka usiku huohuo. Matokeo yake waigizaji hawajawahi kupita mchezo mzima jukwaani hata mara moja kabla ya watazamaji, na hiyo huwa inaonekana.

Anayedumu anatengeneza mchezo unaoingia kwenye gari moja na unaosimama hata umeme ukikatika. Na huo si umaskini wa mawazo. Peter Brook, mwongozaji Mwingereza, alikuwa ameshaongoza michezo kwenye Royal Shakespeare Company, kundi kubwa kabisa la kwao, alikuwa na kila kitu, na mwishoni mwa mwaka 1972 akachukua waigizaji wake, Helen Mirren akiwemo, wakavuka Sahara kutoka Algeria kushuka mpaka Nigeria, wakifika kijijini wanatandika zulia na zulia ndo jukwaa, nani anaingia juu ya zulia yuko kwenye mchezo, akitoka hayupo. Na aliporudi Paris, mwaka 1974 akafungua Bouffes du Nord, jumba lililokuwa limefungwa miaka mingi, kuta zimebanduka, akaamua ziachwe hivyohivyo. Akakaa humo zaidi ya miaka 30.

Au chukueni Woza Albert! ya 1981 pale Market Theatre Johannesburg, ambayo jengo lenyewe lilikuwa soko la matunda. Waigizaji wawili, Percy Mtwa na Mbongeni Ngema, na Barney Simon akiwaongoza. Wanabadilisha sauti na mwili, wanavaa pua ya bandia akiwa mzungu, wanavua. Ikazunguka dunia. Mizigo yake mngeweza kuipakia kwenye teksi.

Kwa hiyo binti yangu swali la kwanza siyo mchezo gani unaupenda, ni mchezo gani unaweza kuubeba.

Pazia_Nusu:

Shikamoo mzee, nimekuelewa vizuri sana, na wengine wote nawashukuru, hata ndugu Mchovu ambaye naona ana hasira za haki.

Nina mawili nimebaki nayo. Moja, skripti. Nilikuwa nataka nianze na mchezo maarufu wa mwandishi wa nje aliyekufa zamani halafu niugeuze geuze, nibadilishe mazingira, waigizaji wote wawe wanawake. Kuna shida? Pili, haya matamasha makubwa ya michezo ya nje, kuna mtu ananiambia nijibane niende, kwamba huko ndo unaonekana na mapromota. Ni kweli au naenda kutupa hela?

Sheria_na_Sanaa:

Dada shida inategemea kafa lini. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unataka kazi ilindwe angalau miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na nchi nyingi zimeweka 70, kwa hiyo angalia sheria ya pale unapoonyesha. Chekhov amekufa 1904, Ibsen 1906, hao ni huru popote, fanya utakavyo. LAKINI tafsiri unayotumia ina mwenyewe! Hapa ndo makundi madogo yananaswa, mtu anasema Chekhov ni bure anachukua kitabu kilichotafsiriwa juzi na mtu aliye hai. Ama tafuta ruhusa ya mtafsiri ama tafsirini upya.

Hiyo ya kubadilisha jinsia na mazingira kwa mwandishi ambaye bado analindwa, ogopa. Mwandishi Samuel Beckett ni mfano unaofundishwa. Mwaka 1984 kule Cambridge, Massachusetts, mwongozaji JoAnne Akalaitis aliupa mchezo wake wa Endgame mandhari ya stesheni ya treni ya chini ya ardhi iliyotelekezwa, Beckett akaja juu, mwisho wakakubaliana mchezo uendelee ila kijitabu cha programu kibebe maneno yake ya kuukana. Mwaka 1988 kundi moja la Uholanzi likawapa wanawake nafasi za wanaume kwenye mchezo wake mwingine, Waiting for Godot, akawapeleka mahakamani. Akashindwa kesi, ni kweli, na Beckett kafa 1989, ila warithi wake wameendelea na msimamo huohuo. Na hata ukiwa na haki, we kundi la watu wanne unaenda mahakamani na nini? Mchezo umeshazuiwa, tarehe za ukumbi zimepita, na deni liko palepale.

Kingine ambacho hujauliza. Ukisema mtabuni mchezo pamoja kwenye mazoezi, kila mtu anachangia maneno, huo mchezo ni wa nani? Siku ukipendwa ndo mtajua hamkuandikiana. Nimeona marafiki wa utotoni hawasalimiani kwa ajili ya hilo. Ukurasa mmoja unatosha: nani anahesabika mwandishi, nani anaweza kuuonyesha tena bila wengine, mtu akiondoka anaondoka na nini.

HesabuKwanza:

Tamasha. Lile la Edinburgh, Scotland, la pembeni, Fringe, lilianza mwaka 1947 kwa makundi manane ambayo hayakualikwa kwenye tamasha rasmi yakaamua kuja tu na kuonyesha pembeni. Na mpaka leo hakuna kamati inayochagua nani aingie. Inasikika tamu, ila maana yake ni kwamba na gharama ni zako, ukumbi wako, usajili wako, malazi ya watu wako wiki tatu mji umejaa na bei za vyumba zimepanda. Watazamaji wachache wanagombewa na maonyesho maelfu. Wanaofaidika ni waliokwenda na mchezo ulioiva, mdogo, na orodha ya watu waliopanga kukutana nao. Anayekwenda na matumaini anarudi na picha. We bado, dada, fanya kwanza nyumbani.

Na niseme hili la tiketi kwa nini hazitoshi maana watu wanadhani ni uzembe. Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walitoa kitabu kuhusu hili hili. Wazo lao ni rahisi tu, kiwandani mashine zinafanya mtu mmoja atoe bidhaa nyingi zaidi kila mwaka, ndo maana mshahara unaweza kupanda. Hamlet bado inahitaji watu walewale na masaa yaleyale kama zamani za Shakespeare. Huwezi kuifanya kwa haraka zaidi. Kwa hiyo gharama yako inapanda na ya dunia nzima ila uzalishaji wako umesimama, na pengo hilo tiketi hailizibi, lazima lizibwe na ruzuku, mfadhili, au mtu fulani asiyelipwa. Huyo mtu asiyelipwa ndo Mchovu hapo juu. Nakubaliana naye kwamba angalau ajue kabla.

Waliofanikiwa kukaa muda mrefu kila mmoja aliziba hilo pengo kwa njia yake. Ellen Stewart alikuwa mbunifu wa mavazi New York, akafungua La MaMa mwaka 1961 kwenye chumba cha chini ya ardhi, hela ya kushona nguo ndo ikawa inalipa ukumbi. Ariane Mnouchkine na wenzake Ufaransa walisajili Théâtre du Soleil mwaka 1964 kama ushirika, mshahara sawa kwa wote kuanzia mwongozaji mpaka fundi, mwaka 1970 wakaingia kwenye kiwanda cha zamani cha risasi pembezoni mwa Paris na bado wapo. Yeye mwenyewe anajulikana kwa kusimama mlangoni kupokea watu na tiketi zao. Sasa hapo Simama_Hapo na Mchovu mnaona kwamba ugomvi wenu wa hasara na maamuzi una watu walioujibu kwa vitendo. Ila wana ruzuku ya serikali, tusidanganyane.

Msomaji_Mkongwe:

Hujauliza mtoa mada ila nalisema, kazi ya mwongozaji haibaki. Mwandishi ana kitabu, mwigizaji ana sura yake watu wanaikumbuka, mwongozaji anabaki na nini? Kila mtu anaijua Ngaahika Ndeenda, mchezo wa 1977 kule Kamiriithu, Limuru, Kenya. Jukwaa la wazi walilojenga wanakijiji wenyewe, wakulima na wafanyakazi wa kiwandani ndio waigizaji, leseni ikafutwa baada ya wiki chache, Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa waandishi wake, akakamatwa mwisho wa Desemba mwaka huohuo, na mwaka 1982 polisi wakalibomoa jukwaa lenyewe. Ngũgĩ anajulikana dunia nzima. Waulize watu mchezo uliongozwa na nani. Kimani Gecau, ni wachache watakutajia.

Kwa hiyo tunza vitu vyako. Daftari la mazoezi lenye michoro ya nani anasimama wapi, picha nzuri za mpiga picha anayejua giza la ukumbini (siyo simu ya shangazi), rekodi ya mchezo mzima kamera ikiwa imesimama nyuma, hata kama inachosha kuiangalia. Ukija kuomba ruzuku au kazi ya kuongoza sehemu kubwa hivyo ndivyo watakavyouliza. Wengi waliopotea baada ya mchezo mmoja hawakuwa na hata dakika kumi za kuonyesha.

Na vibali vya kuonyesha hadharani viulize mapema, sheria zinatofautiana na mtu wa kibali huwa hana haraka kama wewe.

MzeeWaTaa:

Marahaba binti. Hilo la Gecau limeniuma, ni kweli kabisa.

Pazia_Nusu:

Jamani nimeandika kurasa kumi za daftari. Basi nilichoamua kwa sasa, siachi kazi. Nimeshamfuata meneja kumuuliza kama naweza kufanya kwa mkataba wa kila produksheni badala ya mwaka mzima, ili nikimaliza mchezo wao nipate miezi yangu. Hajakataa, kasema atafikiria. Mchezo wa nje nimeachana nao, nina maandishi yangu ya watu wawili, mama na mwanae wanagombea nyumba ya marehemu, meza moja na viti, basi. Ukumbi mdogo, usiku sita, hesabu nimepiga kwa tiketi 200 na inasimama ila kwa kuchechemea. Karatasi ya nani analipwa kwanza nimeianza, mimi niko mstari wa mwisho.

Mwigizaji_Mchovu:

Nauli za mazoezi kila wiki zipo humo?

Pazia_Nusu:

Zipo mstari wa kwanza kaka. Na nimeandika kabisa mchezo ukihamia ukumbi mkubwa waigizaji wa mwanzo ndio wanaoulizwa kwanza.

Simama_Hapo:

Na tarehe ya mchezo wa pili?

Pazia_Nusu:

Hiyo bado mkuu, ukumbi wanasema kalenda ya mwaka ujao wanaifungua mwezi ujao. Nitakuwa wa kwanza mlangoni.

Mwigizaji_Mchovu:

Huyo mwanae ana umri gani kwenye skripti? Nitumie pm niisome. Jumatatu na Jumatano jioni sipatikani, narekodi matangazo.